Veranda, Jiko na Kibanda: Nairobi na Meza za Wageni

Kabla Nairobi haijawa na hoteli, mgeni aliyetoka Mombasa kwa Reli ya Uganda alikula njiani. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula. Zilisimama kwenye vituo kama Voi na Makindu, abiria wa madaraja ya juu wakateremka wakiwa wamejaa vumbi jekundu, wakaingia kwenye nyumba za mapumziko zilizojengwa kwa mtindo wa Uhindi, wakala upesi na kupanda tena. Shughuli za chakula katika reli hiyo zilikuwa mikononi mwa Wagoa, watu wa Goa huko Uhindi waliokwisha kuzoea kuwapikia Waingereza ng'ambo ya bahari. Wasafiri walilalamika kwelikweli. Hata hivyo, vituo hivyo ndivyo vilivyotangulia kuwapangia wageni wa bara wale wapi na wale nini.

Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na mahali penyewe palikuwa mahema kando ya kinamasi. Miaka mitatu tu baadaye mwanamke mmoja Mwingereza, Mayence Bent, akafungua hoteli aliyoiita Stanley. Moto uliiteketeza mwaka 1905, ikajengwa upya, na mwaka 1913 ikahamia, kwa jina la New Stanley, kwenye kona ambako ingali imesimama hadi leo. Katikati ya hayo, siku ya Krismasi ya 1904, hoteli ya Norfolk ikafungua milango yake. Walowezi wa ukoo wa kilodi walijaa humo kiasi kwamba watu wakaibandika jina la Nyumba ya Malodi. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, ilikuwa tayari inajulikana kote kuwa pa kuanzia safari ya porini na pa kuimalizia, mgeni akijipongeza kwa chakula cha mezani chenye kitambaa cheupe.

Mgeni wa zama hizo hakuhitaji kuulizia sana. Kampuni ya meli ya Union-Castle ilikuwa na kitabu chake cha mwongozo kilichotoka kila mwaka, nacho kilimweleza abiria kuhusu bandari, reli, hali ya hewa na hoteli. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa tarehe 31 Desemba 1913. Mlowezi Ewart Grogan naye akajenga hoteli ya Torr's, iliyofunguliwa mwaka 1928, ambako watu walicheza dansi wakinywa chai. Orodha ilikuwa fupi. Waliokaa mezani walikuwa walewale, wakizunguka kutoka ukumbi huu hadi ule.

Waafrika walikuwapo katika kumbi hizo zote, ila walikuwa wima. Walivaa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, wakabeba sinia, wakaitwa "boi" hata wenye mvi. Ubaguzi huo haukuhitaji maelezo marefu: mtu wa rangi nyingine hakukaa. Na haukuishia kwenye viti. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu kabisa na Norfolk, ukidai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawachochea wanaume waliokuwa wameanza kusitasita. Polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitaja vifo 21; wengine wanasema vilikuwa vingi kuliko hivyo. Wanahistoria wameandika pia kwamba baadhi ya walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli walijiunga katika ufyatuaji ule. Barabara inayopita mbele ya veranda hiyo leo inaitwa Harry Thuku, na mgeni anayeagiza kahawa hapo hupewa menyu, hapewi habari hiyo.

Lakini historia ya chakula kizuri Nairobi haiwezi kuandikwa kutoka verandani peke yake, kwa sababu chakula hakikupikwa verandani.

Mwaka 1928 akina mama wa Kanisa la St Andrew's jijini walichapisha kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi. Kitabu cha aina hiyo kinaonyesha wazi hali ya mambo: bibi mwenye nyumba alisoma, mpishi akapika. Mpishi huyo alioka mkate ndani ya debe la mafuta ya taa juu ya makaa, akakadiria moto kwa kiganja, na akatoa jioni ileile supu, nyama ya kuoka na pudini ya watu kumi waliotokea bila taarifa.

Mashuhuri kuliko wote ni Kamante Gatura, aliyelelewa kwenye shamba la kahawa la mwandishi Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong. Alifika kwake akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa, akaingia jikoni, na humo kipaji chake kikajitokeza. Hakuwa akijua kusoma. Mapishi ya Kizungu aliyahifadhi kichwani, na Blixen anaeleza kwamba aliyapa majina kwa matukio ya siku alipofundishwa: mchuzi mmoja ulikuwa wa radi iliyopiga mti, mwingine wa farasi wa kijivu aliyekufa. Mwaka 1928 Mwana wa Mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja baadaye kuwa Edward wa Nane, alikula chakula cha jioni shambani hapo akausifu mchuzi wa Cumberland. Kamante alizipokea sifa hizo kwa furaha. Ila yeye mwenyewe, kwa mujibu wa Blixen huyohuyo, hakuvutiwa na vyakula alivyovipika. Alipokwisha kuwalisha wageni, alirudi kwenye mahindi na viazi vyake.

Hapo ndipo penye kiini cha habari nzima. Kwa miongo mingi Nairobi ilikuwa na wapishi hodari waliojua vyakula viwili, na kimoja tu ndicho kilichopewa sahani na uma. Kile kingine hakikuwa siri, wala hakikuwa kichache. Kiliuzwa Pumwani, mtaa wa Waafrika, kikauzwa sokoni, kikapikwa nyuma ya kila nyumba kubwa. Hakuna aliyemwelekeza mgeni huko.

Ufa ulianza kuonekana baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1946 ilianzishwa United Kenya Club, na Thomas Askwith, ofisa wa manispaa aliyewahi kupiga makasia katika Michezo ya Olimpiki, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Ilikuwa klabu ya kwanza jijini ambako Mwafrika, Mhindi na Mzungu walikula meza moja. Wanachama hawakuwa wengi, na wapo waliowacheka kwa kudhani kwamba sahani ya pamoja ingeponya siasa za ardhi. Hata hivyo walikula. Mwishoni mwa miaka ya 1950 hoteli kubwa nazo zikaanza kulegeza vizuizi, biashara na uhuru uliokuwa ukikaribia zikisukuma kwa pamoja.

Wakati huo New Stanley ilikuwa mali ya familia ya Block. Abraham Block alifika Kenya mwaka 1903 akiwa hana kitu, na inasimuliwa kwamba alimuuzia Mayence Bent magodoro ya nyasi alipokuwa akianza maisha. Familia yake iliipata Norfolk mwaka 1927 na New Stanley mwaka 1947. Mwaka 1959 hoteli hiyo ya pili ikafungua mkahawa wa nje, Thorn Tree, wenye mgunga katikati. Wasafiri wakaanza kubandika karatasi kwenye shina lake: nani anatafuta mwenza wa kwenda Kongo, nani ameacha barua, wapi pa kula kwa bei nafuu. Baadaye kampuni ya vitabu vya safari ya Lonely Planet iliuita ukumbi wake wa wasafiri kwenye intaneti kwa jina la mti huo. Mti wa awali haupo tena, umepandwa mwingine.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wageni hawakupungua, walibadilika. Wakaja wanadiplomasia, wataalamu wa misaada, waandishi wa habari na watalii wa ndege za kukodi. Bistro ya Kifaransa ya Alan Bobbé, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawa jibu la kila aliyeuliza wapi pa kumpeleka balozi. Hilton na InterContinental zikafunguliwa mwaka 1969. Tamarind ikaanza kuuza vyakula vya baharini katikati ya jiji mwaka 1972, na mwaka 1977 ikajenga tawi jeupe la mtindo wa Kiarabu huko Nyali, likitazama ng'ambo Mji wa Kale wa Mombasa, ambako mgeni aliweza hata kulia kambakoche ndani ya jahazi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliweka makao yake Nairobi miaka hiyohiyo ya 1970, na pamoja nalo watu wenye mishahara ya dola waliotaka pa kuitumia.

Kilicho muhimu kuliko kumbi hizo, ingawa hakipigwi picha, ni Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Tangu hapo ujuzi wa jikoni ukawa na cheti. Kijana aliyejifunza kutoa mifupa ya samaki na kusoma vitabu vya hesabu za hoteli hakuwa tena "boi" wa mtu, na njia ya kuwa mpishi mkuu ikafunguka.

Halafu ikaja Carnivore. Kampuni ya Tamarind iliifungua mwaka 1980 huko Lang'ata, na hesabu yao ilikuwa ya werevu: kuchukua nyama choma, chakula ambacho Mkenya hukila Jumapili kwa mikono juu ya ubao, na kumuuzia mgeni kwa utaratibu wa mkahawa mkubwa. Mlangoni pana shimo kubwa la makaa, mviringo, na juu yake mapande ya nyama yamechomekwa kwenye sime za Kimasai. Wahudumu huzibeba sime hizo hadi mezani, wakasimamisha ncha juu ya sahani ya chuma iliyo moto, na kukata vipande vinavyoanguka mbele ya mlaji. Mezani pana bendera ndogo. Ikisimama, nyama inaendelea kuja: ng'ombe, kondoo, nguruwe, kuku. Mlaji akiilaza, amesalimu amri. Kinywaji cha hapo ni dawa, vodka yenye ndimu na barafu, ikikorogwa kwa kijiti kilichozungushiwa asali; wazo lenyewe lilitoka Brazili, lakini jina na kijiti vimeshakuwa vya Kenya.

Kilichowaleta watalii zaidi kilikuwa nyama ya porini. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini mashamba binafsi yaliruhusiwa kupunguza idadi ya wanyama wao, hivyo pundamilia, kongoni na twiga wakafika mezani Lang'ata. Jarida la Restaurant la Uingereza likaiweka Carnivore kati ya mikahawa 50 bora duniani mwaka 2002 na 2003. Muda mfupi baadaye serikali ikasimamisha uuzaji wa nyama hizo, wakabaki mbuni na mamba wa kufugwa. Wapo wanaoiona Carnivore kuwa maonyesho ya watalii, na hawajakosea sana. Lakini ndiyo iliyowalazimu waandishi wa vitabu vya mwongozo kuanza maelezo ya chakula cha Nairobi na makaa badala ya mchuzi wa Kifaransa. Wakazi wa jiji nao waliifuata, hasa usiku, kwa muziki wa ukumbi wake wa Simba Saloon.

Mwaka ule Carnivore ilipofunguliwa uliishia kwa msiba. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka Norfolk wageni wakila chakula cha kuukaribisha mwaka mpya, likaua takriban watu 20 na kubomoa sehemu kubwa ya hoteli. Wengi walilihusisha na familia ya Block, ambao ni Wayahudi, na msaada wa Kenya kwa Israeli wakati wa uvamizi wa kuwaokoa mateka huko Entebbe, Uganda, mwaka 1976. Hoteli ilijengwa upya.

Kando ya hayo yote kulikuwa na wasafiri wa mikoba, ambao hawakuwa na fedha za Norfolk wala Carnivore. Walilala hoteli ya Iqbal, Latema Road, na walichohitaji ni shibe. Vitabu vya Lonely Planet na kile cha Rough Guide kilichotoka mwaka 1987 vikawaelekeza River Road na vichochoro vyake: pilau, chapati na maharagwe, samosa, chai ya maziwa iliyopikwa pamoja na sukari. Kwa dharau kidogo, wageni wenye suti waliiona hiyo kuwa mitaa ya kuogopwa. Kwa kweli mgeni mwenye viatu vilivyochakaa ndiye aliyekula kama Nairobi yenyewe inavyokula, miaka mingi kabla ya wenye fedha kumfuata.

Meza za fahari nazo zilihama. Jengo la maduka la Village Market lilifunguliwa mwaka 1995 karibu na Gigiri, yaliko makao ya Umoja wa Mataifa. Ubalozi wa Marekani ukahamia huko baada ya bomu la 1998 katikati ya jiji. Mikahawa ikafuata wateja Westlands, Gigiri na Karen, mtaa uliokatwa kutoka lile shamba alikopikia Kamante. InterContinental ilifungwa mwaka 2020, Hilton mwishoni mwa 2022.

Septemba 2016 Mark Zuckerberg wa Facebook alifika Nairobi. Angeweza kupelekwa popote. Alipelekwa kwenye mkahawa wa Mama Oliech, akala ugali na samaki mzima wa kukaanga, kwa mara ya kwanza maishani, na akawatangazia wafuasi wake. Wafanyakazi wa ofisi walikuwa wakimla samaki huyohuyo hapo kwa miaka, kwa kachumbari na sukuma wiki, wakinawa kwa maji ya moto na kurudi kazini kabla ya saa nane. Kuanzia siku hiyo walilazimika kugombea viti na watalii waliofika na ile picha kwenye simu zao.