Waswisi Ndio Waturkana wa Ulaya, na Nina Ushahidi

Wasee, leo niko na hoja ambayo itawakera watu wawili kwa wakati mmoja: Mswisi mmoja kule Zurich, na mzee mmoja wa huku kwetu Namoruputh ambaye hapendi kufananishwa na mtu yeyote. Hoja yenyewe ni hii: kati ya makabila yote ya Ulaya, Waswisi ndio Waturkana. Cheka kwanza. Ukimaliza nitakuletea ushahidi, maana hii si stori ya kuchekesha tu. Kuna deni ndani yake.

Tuanze na mazoea yetu. Gari jeupe lenye antena ndefu likipita Lodwar au Kakuma, aliye ndani ni mzungu, basi. Awe ametoka Oslo au Roma, hatujali. Na wao wanatulipa vivyo hivyo: ukifika kwao wewe ni Mwafrika, hata useme mara mia kwamba unatoka Loima. Lakini fuata historia ya hapa uone. Wazungu waliofika Turkana hawakuwa kabila moja, hawakuwa na tabia moja, na wengine hata hawakuwa wanapendana.

Mwingereza: mtu wa geti

Waingereza walikuja na bunduki. Mwaka 1918 walituma msafara wa kijeshi uliojulikana kama Labur Patrol, wakanyang'anya watu silaha na mifugo. Wakati huo kwenye karatasi sisi tulikuwa Uganda. Mwaka 1926 wakachora upya, tukawa Kenya. Hakuna mtu aliyesogeza hata mbuzi mmoja. Tulilala Uganda, tukaamka Kenya.

Halafu wakafunga. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa: mgeni haingii bila kibali. Ndiyo maana mpaka leo mtu akipanda gari Lodwar kwenda Kitale anakuambia "naenda Kenya". Watu wa Nairobi husikia hivyo wakacheka, eti hawa hawajui wako nchi gani. Tunajua sana, bana. Hayo ni maneno ya watu waliofungiwa nje, na lugha haisahau haraka kama serikali.

Na walipotafuta mahali pa mbali kabisa pa kumficha Jomo Kenyatta, wakamleta kwetu. Alifungwa Lokitaung kuanzia 1953, kisha akahamishiwa Lodwar 1959, akakaa hadi 1961. Yaani adhabu kali waliyoweza kuifikiria ilikuwa kumlazimisha mtu aishi anapoishi nyanya yangu.

Mwairishi: usimwite Mwingereza

Mwaka 1961, wakati wa njaa kubwa, mapadri wa Kiltegan kutoka Ireland waliingia Turkana. Kwa macho yetu walikuwa Waingereza: sura ileile, lugha ileile. Lakini mwite Mwairishi "Mwingereza" uone uso wake unavyobadilika. Nchi yake ilitawaliwa na Mwingereza kwa karne nyingi, ikajitoa 1922. Na njaa kwao si habari ya kusoma gazetini: ile njaa ya viazi iliyoanza 1845 iliua watu kama milioni moja.

Sisemi kila padri alikuja akiifikiria njaa ya babu yake. Nasema tu kwamba kabila moja lilileta kibali, jirani yake akaleta chakula, dawa na shule. Dayosisi ya Lodwar ilipoanzishwa 1978, askofu wa kwanza alikuwa Mwairishi, John Mahon. Kama ungewaweka wote kwenye kapu moja la "wazungu", ungekosa stori yote.

Mnorwei: mtu wa samaki

Hawa ndio wananichekesha zaidi, na kwa uchungu. Wanorwei ni watu wa samaki tangu zamani. Wakafika, wakaona ziwa kubwa limejaa samaki, na kando yake watu wenye njaa. Kichwani mwao hesabu ikawa rahisi. Kichwani mwetu kulikuwa na hesabu nyingine: kwa mfugaji wa zamani, mvuvi ni mtu aliyepoteza mifugo yake. Kumwambia aache mbuzi akavue ilikuwa kama kumpongeza kwa kufilisika.

Kiwanda cha kugandisha samaki kikajengwa Kalokol, kikakamilika 1981. Friza katika joto la Kalokol! Kilifanya kazi siku chache tu, kikazimwa. Gharama ya kuendesha yale mafriza, na maji safi yaliyohitajika jangwani, zilikuwa kubwa mno. Katikati ya miaka ya 1980 ghuba ya Ferguson, palipokuwa na uvuvi mwingi, nayo ikakauka. Jengo likabaki ghala la samaki waliokaushwa kwa jua, na jua halitoi bili. Mwaka 1990 serikali ya Moi ikagombana na Norwei kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, uhusiano ukakatika, wakafunga virago. Tuwe wa haki lakini: barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wao. Walikuwa na nia njema. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza wazee kabla ya kuagiza friza.

Mswisi: mtu wa katikati

Sasa tufike kwa mwenyewe. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali Lopiding, pale Lokichoggio, kutibu majeruhi wa vita vya Sudan. Iliendeshwa na kamati hiyo mpaka 2006, ilipokabidhiwa serikali ya Kenya. Kamati hiyo ilianzishwa Geneva mwaka 1863, na nembo yake ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Tena hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wajumbe wake waliotumwa nje ya nchi walikuwa Waswisi watupu, ingawa madaktari na wauguzi walitoka nchi nyingi.

Sheria ya Lopiding ilikuwa ya Kiswisi kabisa: hatuulizi ulikuwa upande gani, na bunduki inabaki nje. Uswisi imekuwa nchi isiyofungamana na upande wowote tangu 1815. Iko katikati ya Ulaya lakini haimo katika Umoja wa Ulaya. Umoja wa Mataifa una ofisi kubwa Geneva, lakini wenyeji walijiunga rasmi mwaka 2002 tu. Hebu fikiria: harusi iko kwenye boma lako, wewe unaangalia kutoka dirishani miaka zaidi ya hamsini, ndipo unaamua kuingia. Huko kutofungamana kulifika hadi kwenye pesa. Mobutu alipoiba za Zaire, benki za Uswisi pia hazikumuuliza alikuwa upande gani.

Na nyumbani kwao? Majirani zao wa Ulaya huwacheka hatari. Salamu ya marafiki ni busu tatu, wakati Mjerumani anakupa mkono, na Mfaransa idadi inategemea amezaliwa mkoa gani. Kwenye maghorofa mengi mashine ya kufua ni ya pamoja na ina ratiba. Ukifua siku ya jirani umetangaza vita. Jumapili usitupe chupa kwenye pipa la glasi, zinapiga kelele. Sheria inakataza kufuga simbilisi mmoja peke yake, yule mnyama mdogo kama panya aliyenenepa, kwa sababu atapata upweke. Mjerumani husoma hayo akasema Waswisi wamezidi. Fikiria, kuambiwa umezidi sheria na Mjerumani!

Lakini ile ya simbilisi mzee wa Namoruputh angeielewa mara moja. Ulishaona wapi mtu mwenye akili akafuga mbuzi mmoja?

Ushahidi sasa

Wa kwanza ni ng'ombe. Kila mwaka joto likianza, wafugaji wa Uswisi hupandisha ng'ombe kwenye malisho ya milima ya Alps. Baridi ikikaribia wanashuka nao, wamewapamba maua kichwani, kengele kubwa shingoni, na kijiji kizima kinatoka kuwapokea. Sisi kiangazi kikikaza tunapandisha ng'ombe milima ya Loima kufuata nyasi. Kengele tunavalisha pia. Mwanamume wa Kiturkana ana dume lake analolipenda, analiimbia, anaitwa kwa jina lake, na pembe zake zinakunjwa zipate umbo.

Wa pili ni pembe zenyewe. Tarehe 25 Novemba 2018 Waswisi walipiga kura ya nchi nzima kuhusu pembe za ng'ombe: je, serikali iwalipe wakulima wanaoziacha pembe bila kuzikata? Pendekezo lilishindwa, lakini karibu nusu ya wapigakura walisema ndiyo. Nitajie nchi nyingine ya Ulaya ambayo ingeita watu wazima wote kujadili pembe. Huku kwetu mjadala kama huo ungejaza watu mpaka jioni.

Wa tatu ni mti. Sisi tuna mti wa wanaume, ekitoe a ngikiliok, ambapo wazee huketi kwenye ekicholong zao na kuamua mambo. Waswisi wa Glarus na Appenzell Innerrhoden mpaka leo hukusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka na kupiga kura kwa kuinua mikono. Na kabla hujawasifu sana: wanawake wa Uswisi walipata kura ya kitaifa 1971 tu, na wale wa Appenzell Innerrhoden waliingia uwanjani baada ya mahakama kulazimisha mwaka 1990. Kwa hiyo dada zangu mnaouliza kwa nini ule mti bado unaitwa wa wanaume, swali lenu ni halali, na si la Turkana peke yake.

Deni lenyewe

Kufanana kunaishia hapa, na hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka. Mswisi anayehama na ng'ombe wake hulipwa na serikali kwa kuhama huko, kwa sababu wanaamini malisho ya mlima yasipotumiwa yataharibika. Desemba 2023 UNESCO iliuweka msimu huo wa malisho ya Alps kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Watalii wanalipa nauli kwenda kupiga picha ng'ombe wakishuka.

Mturkana akifanya jambo lilelile, anaitwa mtu wa nyuma. Anaambiwa atulie, alime, ajenge. Na hii haikuishia kwa Mwingereza na geti lake. Kenya huru ilipoandika mpango wake wa uchumi, Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, ilisema pesa za maendeleo zipelekwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, yale yatakayorudisha faida haraka. Soma hiyo ukiwa Namoruputh. Kibali kiliondoka, lakini hesabu ilibaki ileile.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kila mila yetu iwekwe kwenye kioo. Wizi wa mifugo hauna maua kichwani. Na Uswisi ni nchi tajiri. Ng'ombe wake akifa kwa ukame hakuna mtoto anayelala njaa. Lakini tofauti ya mfugaji wa Alps na mfugaji wa Loima haiko kwenye akili wala kwenye ng'ombe. Mmoja serikali yake ilikaa chini ikamuuliza anafanyaje kazi, ikaandika sheria kumzunguka. Mwingine amekuwa akiandikiwa na watu waliomwona kupitia dirisha la gari.

Ndiyo maana ninawaomba muache kusema "mzungu ni mzungu". Leo makao makuu ya UNHCR yako Geneva na ya WFP yako Roma, na maisha ya watu wa Kakuma yanategemea mikutano ya huko kote. Ukijua nani ni nani, unajua swali lipi umpelekee nani. Mnorwei ungemuuliza: umepiga hesabu ya umeme? Mswisi muulize: kwenu mfugaji akihama analipwa shilingi ngapi, na mbona mradi uliotuletea sisi unataka tukae?

Na ukikutana na mtu wa Nairobi anayekuambia kuhamahama kumepitwa na wakati, usigombane naye. Muulize tu kama amewahi kusikia nchi iliyopiga kura kuhusu pembe za ng'ombe, halafu mwambie saa iliyo mkononi mwa bosi wake imetengenezwa huko.