Maandalizi na kupona katika upasuaji wa kupunguza uzito

Upasuaji wa kupunguza uzito ni tiba ya unene uliokithiri ambayo hubadilisha mfuko wa chakula, au mfuko wa chakula pamoja na utumbo mwembamba, ili mgonjwa ashibe kwa chakula kidogo. Ni tofauti na upasuaji wa urembo wa kunyonya mafuta chini ya ngozi. Lengo lake ni kutibu unene kama ugonjwa, pamoja na magonjwa yanayoambatana nao kama kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na kukatika pumzi usingizini.

Upasuaji wenyewe huchukua saa chache tu. Maandalizi huchukua wiki au miezi, na uangalizi baada yake hudumu maisha yote. Kwa hiyo matokeo hutegemea sana yale yanayofanyika nyumbani, hasa kwa mgonjwa anayeishi mbali na hospitali iliyompasua. Mfano ni mkazi wa Buhare, kata ya Manispaa ya Musoma katika mkoa wa Mara, akipasuliwa Dar es Salaam.

Historia

Mwaka 1966 madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walianza kutibu unene kwa kupunguza mfuko wa chakula na kuuunganisha na utumbo. Ilikuwa imeonekana kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko huo walipungua uzito na hawakunenepa tena kwa urahisi. Tangu miaka ya 1990 upasuaji huu umekuwa ukifanywa zaidi kupitia matundu madogo kwa msaada wa kamera, na hivyo maumivu na siku za kulazwa zimepungua.

Nchini Tanzania huduma hii ilijulikana zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2020 kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, jijini Dar es Salaam. Hospitali ya Mloganzila ilifunguliwa rasmi mwaka 2017. Huduma zake za uzito ni pamoja na kuweka puto tumboni na kupunguza mfuko wa chakula kwa upasuaji.

Aina

* Kukata mfuko wa chakula. Takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko huondolewa, na kinachobaki hufanana na mrija mwembamba. Sehemu iliyoondolewa hairudishwi.
* Kupitisha chakula njia fupi. Daktari hutenga kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, chenye ujazo wa takriban mililita 30, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hupita bila kugusa sehemu kubwa ya mfuko wala mwanzo wa utumbo.
* Puto tumboni. Huu si upasuaji. Puto tupu huingizwa kupitia mdomoni, kisha hujazwa maji maalumu, kwa kawaida mililita 400 hadi 700. Aina nyingi hutolewa baada ya miezi sita. Mara nyingi maji hayo hutiwa rangi ya buluu, hivyo puto likivuja mkojo hugeuka buluu au kijani. Hapo mgonjwa anatakiwa kuonwa haraka, kwa sababu puto lililonywea linaweza kuziba utumbo.

Anayefaa kupata tiba

Kipimo kinachotumika kwanza ni uwiano wa uzito na urefu, unaojulikana hospitalini kama BMI. Hupatikana kwa kugawa uzito wa mtu katika kilo kwa urefu wake katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 110 na urefu wa mita 1.60 hukokotolewa hivi: 1.60 × 1.60 = 2.56, kisha 110 ÷ 2.56 = 43, kwa kukadiria.

Mwaka 1991 wataalamu nchini Marekani walipendekeza upasuaji kwa mwenye uwiano wa 40 au zaidi, au 35 akiwa na ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kitaalamu vilishusha viwango hivyo: upasuaji hupendekezwa kuanzia 35 hata bila ugonjwa mwingine, na unaweza kufikiriwa kuanzia 30 kwa mwenye kisukari au ugonjwa mwingine wa namna hiyo.

Namba pekee haitoshi. Madaktari huangalia pia kama mgonjwa amejaribu njia nyingine, kama anaelewa masharti ya maisha yake yote, na kama hana tatizo la ulevi au ugonjwa wa akili ambao haujatibiwa.

Maandalizi

Mgonjwa huonwa na daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, mtaalamu wa lishe na, inapowezekana, mshauri wa saikolojia. Hupimwa damu, sukari, figo, ini na moyo. Mara nyingi mfuko wa chakula huchunguzwa kwa kamera, na bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo hutafutwa na kutibiwa. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini anapaswa kusema mapema, kwa kuwa hali hiyo huongeza hatari ya dawa ya usingizi.

Maandalizi mengine ni haya:

* Kuacha sigara wiki sita au zaidi kabla ya upasuaji. Sigara huchelewesha kupona kwa jeraha na huongeza hatari ya damu kuganda.
* Kupunguza wanga, mafuta na sukari kwa takriban wiki mbili za mwisho. Mwenye unene mkubwa huwa na ini lililojaa mafuta na kufunika mfuko wa chakula. Chakula hiki hulisinyaza ini, na daktari hupata nafasi ya kufanya kazi kwa usalama.
* Kutaja dawa zote zinazotumika, zikiwemo za kienyeji. Dawa za kuyeyusha damu, za kisukari na za uzazi wa mpango huhitaji mpango maalumu.
* Kuanza mazoea mapya: kutafuna polepole, kutokunywa pamoja na chakula, na kutembea kila siku.

Siku za hospitalini

Baada ya upasuaji wa matundu madogo wagonjwa wengi hukaa hospitalini siku moja hadi tatu. Huhimizwa kusimama na kutembea siku hiyohiyo au kesho yake ili damu isigande miguuni. Donge la damu likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua, ndiyo maana wengi hupewa pia sindano za kuzuia damu kuganda.

Hatari nyingine za siku za mwanzo ni kuvuja damu na kufunguka kwa sehemu iliyoshonwa, ambako huruhusu yaliyomo tumboni kumwagika ndani. Katika hospitali zenye uzoefu vifo ni vichache, kwa kawaida chini ya mgonjwa 1 kati ya 100.

Hatua za chakula

Muda wa kila hatua hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, lakini utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Siku moja au mbili za kwanza: maji na vinywaji vyepesi visivyo na sukari, kwa mafunda madogo.
2. Hadi mwisho wa wiki ya pili: vitu vya majimaji kama maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi uliolainishwa, supu iliyochujwa na uji mwepesi usio na sukari.
3. Wiki ya tatu na ya nne: chakula kilichopondwa hadi kulainika kabisa.
4. Wiki ya tano na ya sita: chakula laini kinachotafunika kwa urahisi.
5. Baada ya hapo: chakula cha kawaida, kidogo kidogo, kulingana na jinsi mwili unavyokipokea.

Katika hatua zote protini huliwa kwanza. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na maji lita moja na nusu hadi mbili. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiri takriban nusu saa baada ya kula.

Katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ukiwemo mkoa wa Mara, vyakula vinavyofaa havihitaji kuagizwa kutoka mbali. Sato na sangara waliochemshwa na kutolewa miiba hupondeka kwa urahisi. Dagaa waliosafishwa, kukaushwa na kusagwa wanaweza kuongezwa kwenye uji au mchuzi uliopondwa. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Maharage hupondwa na kuchujwa maganda.

Ugali, uwe wa mahindi, mhogo au mtama, husubiri hatua za mwisho. Huvimba na kunata, na tonge kubwa linaweza kukwama na kuleta maumivu na kutapika. Kwa kawaida sahani ya mgonjwa huanza na samaki, kisha mboga, na ugali kidogo mwishoni.

Soda, juisi tamu na miwa huepukwa. Kwa waliopitishiwa chakula njia fupi, sukari nyingi ikiingia ghafla kwenye utumbo huleta kizunguzungu, jasho, mapigo ya moyo na kuharisha. Pombe nayo hupanda haraka kuliko zamani.

Vitamini na dawa

Baada ya upasuaji mwili hupokea virutubisho vichache. Mgonjwa hutumia vitamini na madini maisha yote, hasa vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na hupimwa damu kila mwaka. Akiacha anaweza kupata upungufu wa damu, ganzi ya miguu au udhaifu wa mifupa, wakati mwingine baada ya miaka kadhaa akiwa anajiona mzima.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuleta vidonda, hasa kwa waliopitishiwa chakula njia fupi. Kwa kuwa nyingi hununuliwa dukani bila cheti, mgonjwa humweleza muuzaji hali yake. Parasetamoli kwa kawaida huvumilika.

Sukari na shinikizo la damu huweza kushuka ndani ya siku chache. Anayeendelea na dozi zake za zamani za insulini yuko katika hatari ya kuzimia, hivyo dozi hupangwa upya na daktari kabla mgonjwa hajarudi nyumbani.

Wanawake hushauriwa kutopata mimba kwa miezi 12 hadi 18. Kupungua uzito huweza kurudisha uwezo wa kushika mimba kwa waliokuwa wameukosa, na vidonge vya kumeza huenda visifanye kazi vizuri kwa baadhi yao. Njia nyingine za uzazi wa mpango hupendekezwa.

Dalili za hatari

Mgonjwa anapaswa kwenda hospitali bila kusubiri akiwa na:

* mapigo ya moyo ya kasi yasiyotulia, hasa yanayozidi 120 kwa dakika, hata kama hana homa;
* maumivu makali ya tumbo au ya bega;
* kukosa pumzi, maumivu ya kifua, au mguu mmoja kuvimba;
* homa, au usaha kwenye jeraha;
* kutapika kusikokoma, au kushindwa kunywa maji kwa siku nzima;
* choo cheusi au kutapika damu.

Kutapika kwa siku nyingi humaliza akiba ya vitamini B1. Upungufu huo unaweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu ndani ya wiki chache, ukianza na kuchanganyikiwa, kuona vitu viwiliviwili au kuyumba. Dripu ya sukari ikitolewa kabla ya vitamini hiyo, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa huyo anahitaji kujua tangu mwanzo kwamba amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito.

Maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hata baada ya miaka, yanaweza kumaanisha kwamba utumbo wa aliyepitishiwa chakula njia fupi umejinyonga. Huhitaji kuchunguzwa mapema.

Mgonjwa anayeishi mbali

Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kukaa kwenye basi kwa saa nyingi mara baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda, na dalili za kuvuja zinaweza kutokea njiani. Ni salama zaidi mgonjwa kubaki karibu na hospitali hadi ukaguzi wa kwanza. Akisafiri husimama na kutembea kila penye kituo, na hunywa maji kidogo kidogo.

Anaporudi Buhare, atakaowaona kwanza wakati wa dharura ni wahudumu wa karibu naye. Manispaa ya Musoma ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa, na hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Mgonjwa anahitaji karatasi ya ruhusa inayoeleza aina ya upasuaji, tarehe yake, dawa anazotumia, dawa za kuepuka na namba ya simu ya timu iliyompasua. Nakala moja hubaki nyumbani mahali ambapo ndugu wanapajua. Vipimo vya damu vinavyowezekana hufanyika mkoani, na majibu hutumwa kwa daktari wake.

Familia na jamii

Katika jamii nyingi za Tanzania unene umehesabiwa kuwa dalili ya maisha mazuri, na mtu akikonda kwa haraka huzushiwa maradhi. Mgonjwa anayepungua kilo nyingi kwa miezi michache huweza kukutana na maneno hayo mtaani, kanisani au msikitini. Kwenye misiba na harusi hulazimishwa kula, na akikataa huonekana ana dharau. Ndugu walioelezwa mapema humsaidia kwa kumpakulia kidogo na kumjibia wageni.

Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni jambo la kawaida, na nyingi huota tena protini ikitosha. Ngozi inaweza kulegea. Baadhi ya wagonjwa hupata vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Wengine huhuzunika, hasa waliozoea kutulia kwa kula, na hao huhitaji msaada wa mshauri.

Matokeo

Katika mwaka wa kwanza au miaka miwili ya mwanzo, wengi hupungua takriban robo ya uzito wote baada ya kukatwa mfuko wa chakula, na zaidi kidogo baada ya kupitishiwa chakula njia fupi. Aliyeanza na kilo 120 anaweza kufika karibu na kilo 90. Utafiti mkubwa ulioanza Uswidi mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliopasuliwa walikuwa na vifo vichache kuliko wenzao wanene waliopata matibabu ya kawaida.

Uzito unaweza kurudi. Mfuko uliopunguzwa huzuia wingi wa chakula kwa mlo mmoja, lakini hauzuii soda, maandazi na vitafunio vinavyoliwa kidogo kidogo mchana kutwa. Wanaodumisha uzito mpya kwa kawaida ni wale wanaoendelea kula protini kwanza, kutembea, kutumia vitamini na kuhudhuria kliniki hata wakiwa hawaumwi.