Memori kadi: historia iliyochapwa usoni pake

Kabla bando halijawa kitu cha kununua kila siku, nyimbo zilikuwa na duka lake. Miaka ya 2008 hadi 2012 hivi, ukishuka stendi ya mji wetu ulimkuta kijana nyuma ya kompyuta ya mezani, spika ameielekeza barabarani, ukutani amebandika karatasi ya maandishi ya mkono: "Tunaweka nyimbo." Ulizima simu, ukafungua mfuniko wa nyuma, ukatoa betri, kisha kwa ncha ya ukucha ukachomoa kikadi cheusi. Kijana alikichomeka kwenye adapta, adapta kwenye kadi rida, akauliza: "Nikuwekee zipi, kaka?" Wapenda taarabu walitaja taarabu, akina mama wa kwaya wakataja kwaya, madereva wakataka zilipendwa. Wimbo mmoja wa MP3 ulikula kama MB 4, kwa hiyo kadi ya GB 1 ilibeba nyimbo 250 hivi. Wengi tulijifunza maana ya giga pale, kwa kuhesabu nyimbo.

Intaneti imewafungia kazi vijana wale, lakini kadi yenyewe ingalipo, na swali la mnunuzi ni lilelile: nichukue ipi ambayo haitanimaliza mfukoni? Jibu lake kwa sehemu kubwa limechapwa kwenye kadi. Kila alama iliyo usoni pake ina mwaka wake na sababu yake, na anayezijua habahatishi.

Chanzo ni Japani, katika kampuni ya Toshiba. Mhandisi Fujio Masuoka alikuwa akitafuta kumbukumbu ya kompyuta isiyopotea umeme ukikatika, na ambayo ingeweza kufutwa na kuandikwa upya kwa umeme. Mwaka 1984 aliwasilisha kazi yake mbele ya wahandisi huko San Francisco, Marekani. Mwenzake, Shoji Ariizumi, alipotazama jinsi data inavyofutika kwa mkupuo mmoja alikumbuka mwako wa taa ya kamera, na kutokana na mwako huo kumbukumbu ile ikapewa jina: flash. Sisi tulilipokea jina hilo tukalitia irabu mwishoni, likawa flashi. Mwaka 1987 Masuoka na wenzake wakatoa aina ya pili, NAND, iliyobana data nyingi zaidi mahali padogo kwa gharama ndogo. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya memori kadi hadi leo.

Inaniuma kwamba jina la Masuoka halijulikani kwetu, na hata kwao alichelewa kuthaminiwa. Aliondoka Toshiba mwaka 1994 akaenda kufundisha chuo kikuu, na mwaka 2004 aliishtaki kampuni akidai haki ya uvumbuzi wake. Walipatana mwaka 2006 kwa yeni milioni 87, fedha kidogo sana ukilinganisha na biashara iliyoota kutokana na kazi yake.

Kadi za mwanzo zilikuwa vurugu tupu. CompactFlash ilitoka mwaka 1994, SmartMedia mwaka uliofuata, MMC mwaka 1997, na Sony wakaja na Memory Stick yao mwaka 1998. Kila moja ilitaka tundu lake, na ukibadili kamera ulinunua kadi upya. Mwaka 1999 Panasonic, SanDisk na Toshiba walikubaliana juu ya kadi moja, SD, yenye ukubwa wa stempu ya barua. Simu zilipozidi kuwa nyembamba stempu ile nayo ikawa kubwa. Ikapunguzwa ikawa miniSD mwaka 2003, na mwaka 2004 SanDisk wakatoa kadi ndogo zaidi waliyoiita TransFlash. Mwaka 2005 iliingizwa rasmi katika familia ya SD ikapewa jina tunaloliona leo, microSD: urefu milimita 15, upana 11, unene milimita 1.

Umbo hilo halijabadilika tangu wakati huo. Kilichobadilika ni cha ndani, na hapo ndipo watu wengi wanapopotezea fedha. Kadi iliyoandikwa SD pekee inaishia GB 2. Mwaka 2006 ilikuja SDHC, inayofika GB 32. Mwaka 2009 ikaja SDXC, inayoanzia juu ya hapo hadi TB 2. Zote zinaingia kwenye tundu lilelile, lakini simu iliyotengenezwa kwa kiwango cha nyuma inaweza isiitambue kadi ya kiwango cha mbele. Ukimnunulia mzee kijijini kadi ya GB 64 kwa ajili ya kitochi chake, huenda umetupa fedha. Vitochi vingi mwisho wake ni GB 32, na vingine chini ya hapo, kwa hiyo angalia kwanza boksi la simu au kijitabu chake.

Zipo pia alama za kasi. Namba 10 iliyo ndani ya herufi C maana yake kadi inaandika angalau MB 10 kwa sekunde. U1 ni kasi hiyohiyo; U3 na V30 ni angalau MB 30. Ile namba kubwa iliyopakwa rangi, MB 100 au zaidi, kwa kawaida ni kasi ya juu kabisa ya kusoma, wala si ahadi ya kuandika. Kwa picha, nyimbo na video za kawaida za simu, C10 au U1 inatosha na bei yake ni ya chini. Ukitaka kuhamishia programu kwenye kadi, jambo ambalo baadhi ya simu za Android huruhusu, tafuta A1. Alama hiyo ilianza mwaka 2016 kwa kazi hiyo hasa.

Wakati kadi ikinenepa kwa giga, simu za bei kubwa zilikuwa zinaikimbia. iPhone haijawahi kuwa na tundu la memori tangu ya kwanza, mwaka 2007. Samsung waliliondoa kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, wakalirudisha kwenye S7, kisha wakaliondoa tena kwenye S21 mwaka 2021. Nyingi ya simu za Tecno, Itel na Infinix ambazo watu wetu wanazimudu zimebaki nalo. Kwa hiyo kadi imekuwa mali ya mwenye simu ndogo, yule ambaye simu yake humwandikia kila wiki kwamba nafasi imejaa. Huyo ndiye anayewindwa na matapeli.

Nimeyaonja hayo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kadi ya GB 64 kwenye kibanda kimoja, bei nusu ya dukani, pakiti inang'aa. Nilirekodi nayo harusi ya mdogo wangu kuanzia asubuhi. Usiku nilipofungua, picha za kanisani zilionekana sawa. Kuanzia za ukumbini, nusu ya juu ilikuwa picha na nusu ya chini rangi ya kijivu. Baada ya hapo yalibaki majina ya mafaili tu, na kila nililoligusa halikufunguka. Hotuba ya baba yetu ilikuwa humo, na hatukuipata tena.

Utapeli huo unafanyika hivi. Kila kadi ina chipu ndogo inayoiambia simu ujazo wake. Mafundi wa hila huchukua kadi ya GB 8, wakaipanga chipu iseme 64, na simu haina namna ya kujua kwa kuitazama. Utaendelea kuandika bila tatizo hadi GB 8 za kweli zijae. Zinazofuata huandikwa juu ya zile za mwanzo au hupotelea hewani, na simu haikuonyi.

Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake ya IMEI na inajitambulisha kwa mtandao. Memori kadi haina IMEI wala haiongei na mnara wowote. Hakuna mamlaka inayoweza kuizima kutoka mbali, kwa hiyo ukaguzi unabaki mikononi mwa mnunuzi.

Usimlaumu muuzaji ukiona kadi ya GB 32 inaonyesha 29 na kitu. Kiwanda kinahesabu giga kwa bilioni moja kamili ya baiti, ilhali baadhi ya simu na kompyuta zinahesabu kwa 1,073,741,824. Hapo hujaibiwa. Wa kumtilia shaka ni anayekuuzia GB 512 kwa bei ya GB 32.

Kwa fedha ileile, chukua GB 32 ya kweli uiache GB 256 ya kibandani. Ukifika nyumbani, kabla hujatia chochote unachokithamini, ijaribu. Mwenye kompyuta ya Windows atumie programu ya bure H2testw, iliyotoka kwa jarida la Kijerumani c't: huijaza kadi yote kisha huisoma yote. Asiye na kompyuta aijaze kwa video kubwa mpaka igome, azime simu na kuiwasha, kisha azifungue za mwanzo, za katikati na za mwisho. Kazi hiyo inaweza kula saa moja au zaidi, nayo ifanywe wiki ileile uliyonunua, muuzaji angali anakukumbuka. Na pale dukani, kabla hujatoa fedha, mwombe aandike kwenye risiti jina la kadi na ujazo wake. Akikataa kuandika, rudisha kadi kwenye meza yake uende duka la pili.