Sanduku au Kompyuta: Vyombo vya Kutengenezea Midundo Bunia na Jirani Zake

Masimulizi ya historia ya vyombo vya kutengenezea midundo ya muziki wa vijana yamezoea kufuata njia moja. Kwanza hutajwa mtambo unaojitegemea, yaani sanduku lenye vitufe ambalo ndani yake mna sauti za ngoma, kumbukumbu na saa ya kupangia mapigo, lisilohitaji kingine ila umeme na spika. Baadaye huja kompyuta, ambayo huyameza yote hayo na kuyageuza kuwa programu. Mwishowe hutajwa kizazi cha leo ambacho, kikiwa kimechoshwa na kioo cha kompyuta, hulirudia sanduku kwa hiari yake. Njia hiyo ni ya kweli kwa New York, na kwa kiasi kikubwa ni ya kweli kwa London na Paris pia. Ikipelekwa Bunia, mji mkuu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inapotea. Huko kompyuta haikurithi kiti cha sanduku, kwa kuwa sanduku, isipokuwa pengine mikononi mwa mtu mmoja mmoja, halikuwa limekalia kiti chochote. Makala haya yanaeleza sababu za hali hiyo, na yanauliza imemwachia nini mtu anayetaka kuandika historia ya nyimbo za Kiswahili cha Ituri.

Yafaa kwanza kukumbuka sanduku lenyewe lilikuwa kitu cha namna gani. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine ya ngoma iitwayo LM-1, ya kwanza kuuzwa ikiwa na sauti za ngoma halisi zilizonaswa kidijitali. Bei yake ilikaribia dola 5,000. Mwaka huohuo kampuni ya Kijapani ya Roland ilitoa TR-808, iliyokuwa nafuu zaidi, ambayo sauti zake hazikunaswa popote bali zilizalishwa na sakiti za umeme. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 1983, kabla dunia haijatambua thamani yake. Mwaka 1987 ilifuata SP-1200 ya kampuni ya E-mu, iliyoweza kuhifadhi takribani sekunde 10 tu za sauti, na mwaka 1988 ikatoka MPC60 ya Akai, iliyobuniwa na Linn yuyo huyo, yenye vibao 16 vya kupigwa kwa vidole. Sekunde 10 ni kitu kidogo sana. Hata hivyo, ufinyu huo ndio uliowafundisha vijana wa New York kukata vipande vifupi vya santuri za zamani na kuvipanga upya, na mtindo mzima wa hip hop wa miaka hiyo ulikaa ndani ya ufinyu huo.

Katika mashariki ya Kongo sauti ya masanduku hayo ilitangulia kufika kuliko masanduku yenyewe. Wanamuziki wa Kongo waliohamia Paris katika miaka ya 1980 walirekodi nyimbo nyingi ambazo ngoma zake hazikupigwa na mtu bali na mashine. Ilikuwa rahisi kuliko kumlipa mpiga ngoma kwa saa za studio, na ilitoa mwendo usioyumba uliopendwa katika kumbi za dansi. Nyimbo hizo zilirudi Afrika katika kanda. Msikilizaji wa Ituri alizicheza bila kujua, wala kuhitaji kujua, kwamba hakuna mkono uliopiga ngoma ile. Kwa hiyo swali la sanduku dhidi ya mkono wa binadamu lilikuwa limekwisha amuliwa Ulaya, na jibu lake likauzwa sokoni kama burudani.

Katika pwani na miji mikubwa ya Afrika Mashariki mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir wa Dar es Salaam alitia maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa wimbo maarufu wa Vanilla Ice, na kwa muda fulani hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya wengi: mdundo uliazimwa kutoka santuri ya Marekani, maneno yakawa ya nyumbani. Baadaye walitokea watayarishaji walioitengeneza midundo wenyewe, kina Bonny Luv wa Mawingu Studio, Master J wa MJ Records na P-Funk wa Bongo Records. Dar es Salaam ilikuwa na bandari, wafanyabiashara walioleta vyombo kutoka ng'ambo, na kuanzia miaka ya 1990 ilikuwa na redio za watu binafsi zilizohitaji nyimbo. Hayo matatu yakikutana, studio inaweza kusimama, iwe ya masanduku au ya kompyuta.

Bunia haikuwa nayo. Kinshasa iko mbali kiasi kwamba haifikiwi kwa barabara katika hali ya kawaida, na bidhaa nyingi za dukani huja kutoka Uganda, ama kwa kupitia Mahagi na Aru, ama kwa kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi. Tangu mwaka 1999 wilaya ya Ituri, kama ilivyoitwa wakati huo, iliingia katika vita vilivyoua makumi ya maelfu ya watu na kuwahamisha mamia ya maelfu. Mei 2003 majeshi ya Uganda yalipoondoka Bunia, wanamgambo waliupigania mji huo mtaa kwa mtaa. Nyumba, maduka na ofisi ziliporwa. Juni mwaka huo kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, katika operesheni iliyoitwa Artemis, kilitua katika uwanja wa ndege, nacho kikakabidhi ulinzi kwa Umoja wa Mataifa mwezi wa Septemba.

Katika mazingira hayo, kuuliza ni chombo gani chenye sauti nzuri zaidi ni kuuliza swali la mtu aliyeshiba. Swali la mwanzo lilikuwa ni chombo gani kitakachosalia. Sanduku la kutengenezea midundo ni zito, hutambulika kwa macho kuwa ni mali, halifungiki katika kitenge mtu anapokimbia, na likiharibika hakuna fundi wala kipuri. Kompyuta ya kupakata hutiwa mfukoni mwa begi. Likitokea la kutokea, kazi iliyomo ndani yake inaweza kunakiliwa katika kidude kisichozidi ukubwa wa kidole na kuvukishwa mpaka.

Suala la umeme nalo lina uzito wake, na hapa ndipo lugha inayotumika Ulaya inapopotosha. Mtambo wa aina ya MPC huitwa wa kujitegemea kwa sababu hauhitaji kompyuta. Lakini miaka mingi mtambo huo ulitegemea waya ukutani. Umeme ukikatika, nao hufa palepale, pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. Umeme wa mkoa wa Bunia asili yake ni kituo cha Budana, kwenye mto Shari, kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, wala hakikukusudiwa kuangaza mji uliokua na kujaa wakimbizi. Walio wengi hutegemea jenereta au vibao vya jua. Kompyuta ya kupakata, yenye betri yake, ndiyo iliyostahili kuitwa chombo cha kujitegemea.

Sababu ya tatu ni ya mkate. Sanduku la midundo linajua kazi moja tu. Kompyuta moja, katika mji wowote wa Kongo, huweza kukaa kibandani mchana kutwa ikichapa barua za maombi ya kazi na kunakili nyaraka, katika biashara ambayo Wakongo huiita kwa Kifaransa secrétariat public. Jioni huhariri picha za harusi. Usiku hutengeneza midundo. Mtu hawezi kumshawishi mjomba wake amkopeshe fedha za kununua mashine ya ngoma. Kompyuta ina hoja. Kwa mintarafu hiyo, muziki wa vijana ulipanda gari lililokuwa likielekea kwingine na kulipa nauli kidogo.

Nauli hiyo ilipunguzwa zaidi na programu zilizonakiliwa. Mwishoni mwa mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu ndogo iitwayo FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin, ambayo hapo mwanzo haikuwa zaidi ya mashine ya ngoma iliyochorwa kwenye kioo: safu za vitufe, kila kitufe pigo moja. Mwaka 2003, mwaka uleule Bunia ilipokuwa ikiungua, iliitwa jina jipya la FL Studio. Programu hiyo ilienea Afrika nzima, mara nyingi katika nakala zisizolipiwa. Kongo ilikuwa na sheria ya haki za watunzi tangu 5 Aprili 1986, lakini mtengenezaji wa midundo asiye na kadi ya benki hakuwa na njia ya kulipa hata kama angetaka. Kwamba chombo kikuu cha vijana wa Kongo kilitoka Ubelgiji, na safari hii bila kukusanyiwa ushuru, ni jambo ambalo wanahistoria wa ukoloni wanaweza kulitafakari kwa wakati wao.

Ushahidi kwamba haya si ya Bunia peke yake unapatikana ng'ambo ya mpaka. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, vita vya jeshi la Lord's Resistance Army viliwakusanya Waacholi katika kambi kwa miaka mingi. Ngoma ya larakaraka, ichezwayo harusini, ilihitaji kundi kubwa la wapigaji, na familia zilizofukarika hazikuweza tena kulilipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtayarishaji Leo Palayeng alianza kuipanga midundo hiyo katika kompyuta, na mwimbaji Otim Alpha akaitilia sauti. Kazi hizo zilikusanywa na kutolewa kimataifa mwaka 2017 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wasikilizaji wa Ulaya waliuita mtindo huo muziki wa elektroniki wa Kiacholi, wakadhani ni ubunifu wa kisasa uliotafutwa. Asili yake ilikuwa ni harusi isiyo na fedha.

Hata hivyo haifai kuisifu kompyuta kupita kiasi. Watetezi wa sanduku wana hoja ambayo haikanushwi na umaskini wala na vita: kibao kinachopigwa kwa kidole hubeba kosa la kidole, na kosa hilo ndilo uhai wa mdundo. Kipanya hupanga kila pigo katika kisanduku chake, na asiye mwangalifu huishia na ngoma iliyonyooka kama rula. Aidha, programu moja ikisambaa na maktaba moja ya sauti, ngoma ya Bunia, ya Kisangani na ya Lagos huanza kufanana. Hilo ni kweli, ila tiba yake haimo katika chombo. Mtayarishaji wa North Carolina, 9th Wonder, alidharauliwa na wenzake kwa kutumia FruityLoops, na mwaka 2003 mdundo wake ukaingia katika albamu ya Jay-Z, The Black Album. Huko Dar es Salaam, vijana wa studio ya Sisso waliisukuma singeli, kwa kompyuta, hadi kwenye mwendo unaopita mapigo 200 kwa dakika, kitu ambacho hakuna maktaba ya sauti iliyowafundisha. Naye Mkongo Rey Sapienz, aliyeweka makazi Kampala, alishiriki mwaka 2018 kuanzisha lebo ambayo jina lake la Kiswahili, Hakuna Kulala, halihitaji tafsiri.

Wakati huohuo sanduku lenyewe limebadilika mpaka mgogoro huu umekuwa wa majina zaidi kuliko wa vitu. Mwaka 2012 Akai ilitoa MPC isiyofanya kazi bila kompyuta. Mwaka 2017 ilitoa nyingine, MPC Live, isiyohitaji kompyuta, tena yenye betri. Ukiifungua utakuta ndani yake ni kompyuta. Lugha nayo imekataa kuingilia ugomvi. Neno kinanda lilitumika zamani kwa chombo cha nyuzi, likahamia kwenye gramafoni, kisha kwenye piano na chombo cha kanisani, na sasa hutumiwa kwa kile cha umeme. Mtanzania husema biti, Mkongo husema instru, na hakuna kati yao anayejali kama imetoka ndani ya sanduku au ndani ya programu.

Anayejali, au anayepaswa kujali, ni mtafiti. Kanda iliyorekodiwa Nairobi mwaka 1975 bado hupigika ikipatikana mashine. Kazi ya kompyuta iliyotengenezwa Bunia mwaka 2006 ina maisha mafupi zaidi: faili la mradi hufunguka tu pale penye programu ya toleo lake, pamoja na sauti zote lilizoziita, nazo sauti hizo zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwa rafiki ambaye diski yake imekwisha kufa. Kinachobaki ni faili la MP3 lililobanwa ili lipite katika simu. Ndani ya mafaili hayo mna Kiswahili cha Ituri kama kilivyosemwa na vijana waliozaliwa karibu na vita, kikichanganyika na Kilingala na Kifaransa, kikitaja mitaa, mizozo na wapenzi. Aina ya Kiswahili ambayo haimo katika kamusi za Dar es Salaam, na ambayo haikupata magazeti ya kuihifadhi. Mjini Bunia ipo Redio Candip, iliyofungamana na chuo cha ualimu, ISP, yaani chombo cha utangazaji na wasomi wa lugha chini ya paa moja. Kilichokosekana ni diski mbili za kuhifadhia na mtu wa kwenda kugonga milango ya wenye kompyuta za zamani kabla hazijauzwa kwa kilo.