Kwa nini tovuti moja huonekana tofauti kwenye simu na kwenye kompyuta

Mwombaji wa mkopo wa masomo anaanza kujaza fomu kwa simu akiwa nyumbani. Bando linakata, anakwenda kumalizia kwenye kompyuta ya steshenari. Anwani ya tovuti ni ile ile na akaunti ni ile ile, lakini vile vistari vitatu vya pembeni havipo, na kitufe cha kuendelea kimehama. Wengine hudhani wameingia kwenye tovuti ya matapeli. Wengine huanza upya na kulipia muda mara mbili.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Sehemu ya programu tunayoiona na kuigusa, yaani maneno, vitufe na menyu, huitwa kiolesura. Kukifanya kieleweke kwenye kioo cha kiganjani na kwenye kioo cha mezani ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Zamani kampuni nyingi zilitengeneza tovuti mbili: moja kamili kwa ajili ya kompyuta, na nyingine iliyopunguzwa kwa ajili ya simu, ambayo mara nyingi anwani yake ilianza na herufi m na nukta. Mwenye simu alikosa baadhi ya huduma. Mei 2010, mbunifu wa tovuti wa Marekani, Ethan Marcotte, aliandika makala akipendekeza ukurasa mmoja unaojipanga kulingana na upana wa kioo. Kwenye kioo kipana, safu tatu hukaa ubavu kwa ubavu. Kwenye simu safu zile zile hushuka moja chini ya nyingine, na menyu hukunjwa ndani ya vistari vitatu. Ndiyo maana kilichokuwa kulia kwenye kompyuta, kwenye simu utakikuta chini kabisa.

Microsoft ilijaribu kwenda mbali zaidi. Oktoba 2012 ilitoa Windows 8, yenye vigae vikubwa vya rangi vilivyofanana na vya simu zake, vikawekwa hata kwenye kompyuta zisizo na kioo cha kugusa. Kitufe cha Start, kilichozoeleka tangu 1995, kikaondolewa kwenye kona yake. Kuna waliohangaika hata kupata mahali pa kuizima kompyuta. Kitufe kilirudi 2013 katika Windows 8.1, na menyu yake ikarudi 2015 katika Windows 10. Kwa maoni yangu, kutafuta mfanano hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kufananisha sura na kusahau mkono.

Mshale wa kipanya hulenga hata kialama kidogo, lakini kidole kinahitaji nafasi. Google hushauri kitufe cha kugusa kiwe na upana wa milimita 9 hivi. Tena mshale unaweza kusimama juu ya neno bila kubofya, menyu ikafunguka. Kidole hakina hali hiyo ya katikati: kimegusa au hakijagusa.

Kinachopaswa kubaki vilevile ni majina na mpangilio wa hatua. Kama simu inasema "Wasilisha", kompyuta isiseme "Tuma". Na ulichohifadhi kwenye simu ukikute kwenye kompyuta, ingawa si kila fomu hujihifadhi yenyewe. Tafuta kitufe cha kuhifadhi kabla hujatoka.

Tofauti moja imedumu miaka mingi. Kwenye simu, namba 1 iko safu ya juu. Kwenye namba zilizo upande wa kulia wa kibodi ya kompyuta, juu iko 7. Ukiingiza namba ya kitambulisho steshenari kwa mazoea ya simu, utakosea.

Ukiwa na shaka, usipime tovuti kwa sura. Soma anwani iliyo juu, herufi kwa herufi. Kama kitu ulichokiona steshenari hukioni kwenye simu, gusa kwanza vistari vitatu. Kikikosekana, fungua menyu ya kivinjari, ambayo kwenye Chrome ni nukta tatu, uchague kuonyesha tovuti kama ya kompyuta. Maandishi huenda yakawa madogo. Yakuze kwa kutanua vidole viwili.