Skani ya PSMA na Saratani ya Tezi Dume Inayorudi: Hesabu ya Mgonjwa wa Rejaf

Mwanamume aliyeondolewa tezi dume hatarajiwi kuwa na PSA, protini itokayo kwenye tezi hiyo, inayopimika katika damu yake. Ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, saratani huhesabiwa kuwa imerudi. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi, ambaye tezi yake ingalipo, kigezo ni kupanda kwa nanogramu 2 juu ya kiwango cha chini kabisa alichowahi kufikia. Damu hutoa habari kwamba ugonjwa umerudi, ulipojificha haisemi.

Hilo hutafutwa kwa skani ya PET. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mnururisho hafifu inayonasa kwenye PSMA, protini iliyotapakaa juu ya seli nyingi za saratani hiyo. Baada ya saa moja hivi hulazwa mashineni. Tezi ya limfu ya milimita tano, ambayo skani ya CT peke yake ingeipita kama ya kawaida, huonekana inawaka. Tezi za mate na figo nazo huwaka ingawa ni nzima, hivyo msomaji wa picha sharti awe na jicho lililozoea.

Katika utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 635, skani hiyo ilipata mahali pa ugonjwa kwa asilimia 75. Chini ya PSA 0.5 ilipata asilimia 38 tu. Kuanzia 5 kwenda juu, asilimia 97. Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya skani hiyo Desemba 2020.

Rejaf iko kando ya Nile, kusini kidogo ya Juba, na Sudan Kusini haina mashine ya PET. Nairobi inazo: Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilianza mwaka 2018, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata. Dawa yenyewe haiwezi kusubiri. Mnururisho wake hutoka kwa florini-18, inayopungua nusu kila dakika 110, au galiamu-68, kila dakika 68. Shehena ya florini itakayokaa njiani saa tatu na dakika arobaini itafika ikiwa robo. Kwa hiyo anayesafiri ni mgonjwa, kwa nauli yake, na wakati wa kusafiri ndio uamuzi mzito.

Hapo pana mtego. Takwimu za California zaweza kumshawishi mtu angoje PSA ipande ili picha iwe wazi, ilhali mionzi ya kuokoa, inayotolewa saratani ikirudi baada ya upasuaji, hufaa zaidi ikianza kabla ya PSA kufika 0.5. Kungoja namna hiyo ni kosa, na skani isiyoonyesha kitu isiwe sababu ya kuahirisha mionzi kwa anayeistahili.

Yote haya hutegemea kujua mapema kwamba PSA imeanza kupanda. Kipimo hicho hutaka mililita chache za damu na vitendanishi vya maabara. Hospitali za Juba na zianzie hapo: daftari la kila aliyetibiwa, na PSA angalau kila miezi sita katika miaka ya mwanzo.