Ufundi Uliozaliwa kwenye Foleni

Anayetaka kuielewa historia ya mafundi wa magari wa Busia na Malaba aanze na kazi inayodharauliwa kuliko zote: kubadilisha filta ya mafuta. Filta yenyewe haina siri. Ya zamani hutolewa, mpya hufungwa, hewa hutolewa kwenye mfumo, injini huwaka. Kinachomtoa fundi jasho ni bolti iliyoshika kutu ikakataa kuzunguka, na hapo ndipo anayejua hutengana na anayebahatisha. Hoja yangu ni kwamba umahiri wa kufungua bolti hizo katika mpaka huu wa Kenya na Uganda ulitokana na magari kusimama. Barabara peke yake isingeuleta, wala mstari wa mpaka peke yake. Malori yalipoanza kuzuiliwa hapa kwa saa na kwa siku, ndipo kazi hii ilipopata watu wake, na tarehe za historia ya eneo zinaonyesha hivyo.

Wapo watakaotaka kuupeleka mzizi mbali zaidi, hadi kwa wahunzi wa Samia. Wana sababu ya kufikiri hivyo. Bukhayo, eneo lenye mji wa Busia, imepakana na Samia, ambako koo za wahunzi ziliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa kwa majirani zamani kabla ya Mwingereza. Ni urithi wa kujivunia, lakini hauelezi jambo tunalolitafuta. Mhunzi hulainisha chuma kwa moto na kukipa umbo, ilhali fundi wa bolti hushindana na nyuzi zilizochongwa kwa mashine, za kipimo maalumu, ambazo kosa la unywele mmoja huziharibu. Nyuzi hizo zililetwa na reli na injini. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipitia Malaba, kwenye nchi ya Wateso, ikaiacha Busia kando. Na ufundi mkubwa wa reli ulikaa karakana za Nairobi. Treni ilipita tu. Haikuacha fundi wa kando ya njia.

Mpaka nao ulikuwepo muda mrefu bila kumsimamisha mtu sana. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa upande ambao leo ni Kenya, na Mto Sio na Mto Malaba ikawa sehemu ya mstari wa kugawana. Lakini kuanzia mwaka 1917 forodha za Kenya na Uganda ziliendeshwa pamoja, na shilingi ilikuwa moja hadi mwaka 1966. Dereva aliyetoka Bungoma kwenda Tororo hakuwa na sababu ya kulala njiani akingoja muhuri. Mambo yaligeuka hatua kwa hatua: sarafu zikatengana, Idi Amin akatwaa madaraka Januari 1971, Kenya ikabana mafuta yaliyokuwa yakipelekwa Uganda katikati ya mwaka 1976, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Desemba 1987 majeshi ya pande mbili yalipambana Busia penyewe na mpaka ukafungwa. Katika miaka hiyo mstari uliokuwa kwenye ramani ukawa kizuizi barabarani, chenye karatasi, ukaguzi na foleni. Miaka hiyo hiyo magendo yalishamiri, na mafuta yakawa miongoni mwa bidhaa zilizovushwa kwa mapipa na mitungi. Mafuta yaliyokaa kwenye pipa lenye kutu, yakamiminwa kwa bomba lililoburuzwa mchangani, hufika kwenye injini yakiwa na maji na vumbi. Filta ndiyo inayoyapokea.

Msomaji anaweza kupinga hapa: mbona Salgaa, Mlolongo na Mtito Andei kuna malori na mafundi pia? Ni kweli, na sidai kwamba mafundi wa huko ni wabaya. Tofauti ni kwamba Salgaa dereva husimama kwa hiari yake, na gari likimsumbua aweza kuendelea polepole hadi Nakuru au Eldoret kwenye gereji kubwa. Mpakani hana ruhusa hiyo. Mzigo unaopita Kenya kwenda Uganda, Rwanda au Kongo umefungwa lakiri ya forodha na hauruhusiwi kuacha njia iliyotengwa. Siku hizi hata kifaa cha kielektroniki huufuatilia. Lori likizimika kwenye foleni, fundi ndiye hulifuata lori, na sharti amalize pale pale, kwa vifaa anavyoweza kubeba, kabla walio mbele hawajasogea na walio nyuma hawajaanza kupiga honi. Tena foleni yenyewe huleta ugonjwa. Injini huwashwa na kuzimwa mara nyingi, tangi hushuka hadi uchafu wa chini uanze kuvutwa, na usiku wa baridi unyevu hutona ndani ya tangi lililo nusu. Bomba la mafuta la Kenya Pipeline lilipofikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994, malori ya tangi yanayopakia huko kuelekea Uganda yalizidi kuzifanya Malaba na Busia kuwa mlango wa mafuta, na foleni ikapata wateja wapya.

Kwa nini bolti ya filta hugoma? Maji na tope jekundu la barabara za murram huingia kwenye nyuzi na kuzaa kutu. Mara nyingi kichwa cha filta ni cha alumini na bolti ni ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu huliana. Na aliyefunga mara ya mwisho huenda alikaza kupita kiasi, akiamini kwamba kukaza zaidi ndiyo dawa ya kuvuja. Kama ingekuwa nati ya gurudumu, fundi angeipasha kwa gesi ya kuchomelea. Kwenye filta moto ni kifo: pana mafuta, pana mvuke wake, na lori la jirani huenda limebeba petroli. Njia inayobaki ni ya polepole. Uchafu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi pembe za bolti zionekane. Mafuta ya taa, au mafuta ya taa na dizeli pamoja, hupakwa na kuachwa yapenye. Kichwa hugongwa kwa mapigo mepesi ya nyundo, ya kuitikisa kutu. Spana ya pete huchaguliwa badala ya ya mdomo, kwa kuwa hushika pembe zote kwa pamoja. Bolti hukazwa kidogo kwanza, mpaka isikike ikiachia, ndipo irudishwe kwa robo mzunguko, mbele na nyuma, mafuta yakiongezwa. Pale nati ya bomba inapofungwa juu ya filta, hutumika spana mbili, moja ya kushika na moja ya kuzungusha. Asiyeshika hulisokota bomba, na bomba likipasuka lori halisogei tena.

Karibu kila hatua hapo hudai muda, na kupenya kwa mafuta ya taa kwenye nyuzi hudai muda mwingi kuliko zote. Bolti iliyopakwa jioni hufunguka asubuhi kwa mkono wa kawaida. Ile ile ikilazimishwa mara moja hukatika. Foleni iliyoleta ugonjwa ndiyo iliyotoa muda wa tiba, na muda huo ndio uliowafunza vijana waliokuwa wakishika tochi na kupokeza spana.

Pingamizi kubwa zaidi ni la wenye magari: kwamba mafundi wa jua kali hugonga bolti kwa tindo hadi zipoteze pembe, na kwamba ninaupamba uharibifu. Uharibifu upo, na aliyeharibiwa gari ana haki ya kulalamika. Lakini tuutazame kwa historia. Bedford, Leyland na Land Rover za zamani zilikuja na bolti za inchi. Peugeot 504, iliyobeba abiria wa magharibi ya Kenya kwa miaka mingi, ilitaka spana namba 13. Magari ya Japani yakaja na 12 na 14. Fundi mwenye seti moja alikutana na vipimo vitatu kwenye foleni moja, na spana inayokaribiana ndiyo inayokula pembe za bolti. Nusu inchi ni milimita 12.7: 12 haiingii, 13 hucheza kidogo, 14 huharibu kabisa. Aliyeirithi bolti iliyokwisha kuliwa pembe hana tena cha kushika, ndipo tindo hutoka. Tindo basi ni ushahidi wa uhaba wa vifaa na wa magari mchanganyiko. Anayelitumia kabla ya kujaribu mafuta na muda ni fundi mbaya, awe Busia au London.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na ukaguzi wa pande mbili ukawekwa mahali pamoja. Mwaka 2020 upimaji wa korona kwa madereva uliirudisha foleni kwa ukali, ikafika makumi ya kilomita, lakini mwelekeo wa jumla ni kupunguza kungoja. Wafanyabiashara wana haki ya kufurahi, maana nyanya na samaki havivumilii foleni, na sitetei ucheleweshaji hata kidogo. Ninachosema ni kwamba fundi amepokonywa ule muda uliofanya kazi badala yake. Hata mafuta ya taa yalipanda: mwaka 2018 Kenya iliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe kwenye dizeli, na fundi anayenunua nusu lita ya kulainishia bolti akalipa pia. Dereva sasa anataka kuondoka saa hiyo hiyo, na haraka hiyo ikikutana na kutu, mimi naamini bolti nyingi zaidi zitakatika.

Kwa hiyo kaunti ya Busia iwatengee mafundi uwanja kando ya njia ya malori, ndani ya eneo ambalo forodha inaliruhusu, wenye sakafu ya saruji, maji, taa, na seti kamili za spana za inchi na za milimita za kukodi. Vyuo vya ufundi vya Nambale, Matayos na Teso viwaite mafundi wakongwe wa foleni wafundishe darasani, walipwe kama walimu, na wanayoyasema yaandikwe wangali hai.